Kulala ndani ya gari Pangani

Pangani ni mji mdogo wa mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, mahali mto wa jina hilohilo unapoingia Bahari ya Hindi, yapata kilomita 50 kusini mwa jiji la Tanga. Mwenye gari la kulala hakuti huku uwanja maalumu wenye bomba na umeme kwa kila gari, kama ilivyo Ulaya. Hulipia nafasi katika kiwanja cha loji ya ufukweni, pamoja na ruhusa ya kutumia bafu na choo, na bei huhesabiwa kwa kichwa zaidi ya kwa gari. Kabla ya kuchagua loji, lazima iamuliwe kwanza gari litalala upande gani wa mto.

Kaskazini ya mto hakuna haja ya kuvuka. Loji ya Peponi, karibu na kijiji cha Kigombe, imepokea wasafiri wa masafa marefu na mahema yao kwa miaka mingi. Mjini kwenyewe zipo gesti zenye ua. Zinafaa kwa usiku mmoja, si kwa mapumziko. Fukwe nzuri zaidi ziko kusini, Ushongo, na huko hufikiwa kwa kivuko cha TEMESA, wakala wa serikali, kinachokwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Serikali inajenga daraja la mita 525 karibu na hapo, basi iulizwe Tanga kama limeshafunguliwa. Kwa wanaovuka kwa pantoni, saa ya safari ya mwisho ijulikane mapema, kwani njia ya kuzunguka bara ni ndefu na mbovu. Abiria washuke, dereva aingie peke yake. Gari refu lenye mkia ulioshuka lisipandishwe maji yakiwa yamepwa sana, maana mteremko huwa mkali na mkia hukwaruza chuma.

Maji ndiyo yanayopanga ratiba ya Pangani. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na hapo mchanga uliokuwa mkavu na mgumu asubuhi huwa chini ya maji jioni. Gari lisilazwe chini ya mstari wa majani makavu na makumbi yaliyoachwa na wimbi, hata mahali pakionekana pazuri namna gani. Kisiwa cha Maziwe, kilicho mbele ya pwani hii, ni hifadhi ya bahari ambako kasa hutaga, nacho huzama kabisa maji yakijaa. Kilikuwa na miti zamani, sasa ni fungu la mchanga tu. Wenye mashua huenda huko kwa kufuata kupwa, na mgeni anayetaka kuondoka saa anayoipenda yeye atabaki pwani.

Kivuli cha mnazi ni mtego. Nazi moja ikidondoka hupasua kioo cha mbele, na hema la juu ya paa haliizuii. Heri mkwaju au mwembe, ama jua tupu. Penye mchanga laini, upepo wa tairi upunguzwe kabla gari halijakwama, si baada. Chumvi hula chuma taratibu, hivyo chini ya gari pasuuzwe kwa maji baridi, yasiyo ya kisima cha chumvichumvi. Maji ya kunywa, mafuta na gesi ya kupikia vijazwe Tanga. Samaki, pweza, madafu na mihogo vinapatikana Pangani bila shida. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo upande wa kusini huwa na utelezi, na loji kadhaa hufunga.

Wakazi wengi ni Waislamu: nguo za kuogelea ni za ufukweni, si za sokoni. Nyumba za kale za mawe zilizo kando ya mto zafaa kutembelewa kwa miguu. Hapa ndipo upinzani dhidi ya kampuni ya kikoloni ya Kijerumani ulipolipuka mwaka 1888, na Abushiri bin Salim aliyeuongoza alinyongwa hapahapa Desemba 1889.

Anayekuja na gari kutoka Beni, Butembo au Mangina, mashariki mwa Kongo, hupita mpaka wa Kasindi, kisha Kampala na Nairobi; akishuka hadi Mombasa, huingia Tanzania kwa mpaka wa Horohoro. Ng'ambo ya Kasindi magari hupita kushoto, na usukani wa Kikongo huwa upande usiofaa kwa kupita malori, kwa hiyo aliyekaa kando ya dereva ndiye jicho lake. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini gari bado linahitaji kibali cha muda cha forodha na bima inayovuka mipaka, ile kadi ya njano ya COMESA. Kadi nyingine ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, huombwa na maofisa wa afya. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na ni afadhali iachwe kabla ya kufika mpakani.