SOMO LA AFYA: Jiko Dogo la Gesi



Jioni, ukipita katika kijiji cha pwani kama Mlingotini, karibu na mji wa Bagamoyo, utaona moshi ukitoka katika majiko ya makuti. Mama anachoma samaki kwa kuni. Macho yanamtoka machozi. Mgongoni amebeba mtoto. Mtoto naye anavuta moshi ule ule.

Wako wanaosema, "Moshi tumeuzoea, hauna neno." Si kweli. Moshi wa kuni hudhuru macho, mapafu na moyo. Huwaletea watoto wadogo kichomi. Mkaa una moshi mdogo, lakini hutoa hewa ya sumu isiyoonekana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila watu 100 wapike kwa nishati safi. Gesi ni moja ya nishati hizo. Lakini gesi nayo ina hatari yake. Leo tujifunze kununua na kutumia jiko dogo, yaani mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake.

Gesi ni kitu gani?

Ndani ya mtungi gesi imeshindiliwa mpaka ikawa maji. Ikitoka nje hugeuka kuwa hewa. Hewa hii ni nzito. Haipandi juu kama moshi. Hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda na pembeni mwa chumba. Hapo cheche moja tu yaweza kuunguza nyumba nzima. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya unayoisikia imetiwa kwa makusudi, ili ituonye.

Unaponunua

1. Nunua kwa muuzaji anayejulikana na mwenye mizani.

2. Tazama uzito wa mtungi mtupu. Umeandikwa kwenye mtungi. Ongeza kilo 6. Kwa mfano, mtungi mtupu ukiwa kilo 7, ukijaa uwe kilo 13. Ukipungua, ukatae. Ni haki yako kupimiwa.

3. Angalia kama lakiri ya kwenye mdomo wa mtungi haijavunjwa.

4. Angalia kutu, hasa chini kwenye kitako. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma upesi. Usichukue mtungi ulioliwa na kutu au uliobonyea.

Unapotumia

1. Simamisha mtungi wima, mahali tambarare penye hewa. Usiulaze. Uweke mbali na kuni, mkaa na kuta za makuti.

2. Hakikisha koki ya kichomeo imefungwa. Kisha kaza kichomeo kwenye mtungi.

3. Koroga sabuni na maji mpaka yatoe povu. Paka povu hilo pale kichomeo kinapoungana na mtungi. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Usiwashe. Utoe mtungi nje, urudishe kwa muuzaji. Usikague kamwe kwa kiberiti. Sabuni hukuonyesha tundu, kiberiti hukuunguza.

4. Washa kiberiti kwanza, halafu fungua koki polepole. Ukifungua koki kwanza, gesi itajikusanya na kukurukia usoni.

5. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi, zima. Jiko likipoa, safisha matundu ya kichomeo.

6. Upepo wa bahari ukizima moto, funga koki mara moja. Ngoja harufu iishe ndipo uwashe tena. Usizungushie mtungi bati ili kukinga upepo. Bati hurudisha joto kwenye mtungi. Sogeza jiko nyuma ya ukuta.

7. Usipike kwa sufuria kubwa ya shughuli. Hulemea jiko na kurudisha joto kwenye mtungi.

Kuchoma samaki

Vibua wana mafuta mengi. Ukiwaweka juu ya wavu, mafuta hudondokea kichomeo. Moto huruka, na matundu huziba. Tumia chuma kizito cha chapati. Kipashe moto, kipake mafuta kidogo, kisha weka samaki. Wataiva na kukauka vizuri. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Usimwagie maji.

Hatari ikitokea

Ukisikia harufu ya gesi, funga koki. Fungua milango na madirisha. Usiwashe wala usizime taa. Usitumie simu ndani. Toa watoto nje. Moto ukikushinda, kimbia, kisha piga simu 114, ya Zimamoto. Mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke zahanati. Usimpake dawa ya meno wala mafuta.

Jambo la mwisho

Mkaa hununuliwa kidogo kidogo kila siku. Gesi hulipiwa mara moja. Kwa sababu hiyo wengi hununua jiko, gesi ikiisha hurudi kwenye kuni, na mtungi hubaki pambo la nyumba. Basi kila siku weka kibubuni fedha ambayo ungenunulia mkaa. Kazi hii si ya mama peke yake. Baba anayekula samaki naye aweke. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini gesi ikivuja hutambaa chini?
2. Mtungi mtupu una kilo 8. Ukijaa gesi ya kilo 6, uwe na kilo ngapi?
3. Utakaguaje kama gesi inavuja?
4. Katika nyumba yako, ni nani anavuta moshi zaidi? Mtafanya nini?