Mama Anapokosa Siku Zake: Tuanze na Daftari



Somo letu la leo ni la akina mama. Lakini akina baba, msifunue ukurasa wa pili. Nanyi linawahusu.

Tuanze na habari moja. Katika darasa letu moja la kisomo, kando ya njia ya zamani ya misafara hapa Tabora, alikuwapo mama wa miaka 27. Jina lake hatulitaji. Alikuwa na miaka sita ya ndoa, mtoto hana. Siku zake zilikuja zikipenda: mara baada ya miezi miwili, mara baada ya minne. Kidevuni viliota vinywele, naye akivinyoa kwa wembe alfajiri kabla watu hawajaamka.

Wakwe walinung'unika. Majirani walisema amerogwa. Mume akauza mbuzi wawili, kisha akauza baiskeli. Fedha zikaenda kwa waganga watatu. Wa kwanza alitoa mizizi ya kuchemsha. Wa pili alimchanja chale. Wa tatu alimpa dawa ya kuweka ukeni, ati isafishe kizazi. Dawa hiyo ilimlaza wiki mbili kwa homa na maumivu ya tumbo.

Siku moja tulikuwa tunafundisha kuandika tarehe. Baada ya darasa mama yule alibaki nyuma. Akauliza, "Mwalimu, naweza kuandika na tarehe za mambo ya kike?"

Tukamjibu, "Andika, mayo. Daftari ni lako."

Aliandika mwaka mzima. Mwisho wa mwaka tarehe zilikuwa 5 tu. Daftari hilo ndilo alilolipeleka hospitali. Muuguzi alilisoma, akamwita daktari. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemuuliza amemkosea nani. Waliuliza, "Limeanza lini?"

Tatizo hili ni nini?

Hospitalini mtasikia likitajwa kwa herufi nne: PCOS. Si ugonjwa wa zinaa. Haliambukizi. Wala si laana. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Marekani, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake 7 waliokuwa nalo. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wanalo. Wengi wao hawajui.

Kila mwanamke ana ovari mbili, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Kwa kawaida kila mwezi yai moja hukomaa na kutoka. Kwa mwenye tatizo hili mayai huanza kukua, kisha husimama njiani. Ni kama shamba la mahindi lililochipua vizuri lakini halibebi. Mayai yale hubaki ndani ya vilengelenge vidogo vidogo. Watu huviita uvimbe. Lakini si uvimbe wa kukatwa, wala si uchafu wa kusafishwa. Ni mayai ambayo hayakukomaa.

Kwa nini hayakomai?

Hapa twende polepole. Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, mihogo na vitu vitamu, hugeuka sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ni nguvu yetu, lakini ni lazima iingie katika nyama ya mwili. Mwenye kuifungulia mlango anaitwa insulini.

Fikirieni tembe la zamani na msafara umefika na mizigo. Bawabu mmoja anafungua lango, mizigo inaingia. Lakini kama lango limeshika kutu, bawabu mmoja hatoshi. Wanaitwa watatu, wanne, watano. Ndivyo mwili unavyofanya: unatoa insulini nyingi kupita kiasi. Insulini hiyo ikifika kwenye ovari, inazichochea zitengeneze homoni za kiume nyingi. Kila mwanamke anazo homoni hizo kidogo. Zikizidi, mayai hayakomai, siku zinapotea, ndevu zinaota, na chunusi zinatoka.

Si wagonjwa wote walio na lango lenye kutu, lakini wengi wanalo. Na tatizo hili mara nyingi hufuata ukoo. Mama anaweza kuwa nalo, na binti pia. Wanene wanalipata, na wembamba wanalipata.

Dalili za kuangalia

1. Siku zinapishana kwa zaidi ya siku 35, au kwa mwaka hazifiki mara 8.
2. Nywele nene zinaota kidevuni, kifuani au tumboni.
3. Chunusi nyingi ukubwani.
4. Shingo au kwapa linakuwa jeusi na nene, hata ukisugua halitakati.
5. Tumbo linanenepa upesi, au mimba inachelewa.

Dalili moja peke yake haitoshi. Siku hukosekana kwa sababu nyingine pia: mimba, kunyonyesha, sindano ya uzazi wa mpango, tezi la shingoni, njaa au mawazo mengi. Msichana aliyevunja ungo juzi, siku zake huchukua muda kutulia. Kwa hiyo usijiandikie ugonjwa mwenyewe. Jiandikie tarehe, ugonjwa mwachie daktari autaje.

Jinsi ya kuandika

Andika tarehe ya siku ya kwanza ya kuona damu. Mwezi mwingine andika tena. Hesabu siku kutoka tarehe ya kwanza hadi ya pili. Mfano: tarehe 3 Machi hadi tarehe 20 Aprili. Kutoka 3 hadi 31 Machi ni siku 28. Ongeza 20 za Aprili. Jumla 48. Hiyo imezidi 35. Ikitokea hivyo mara kwa mara, nenda kituo cha afya. Na kama siku 90 zimepita bila damu wala mimba, usingoje.

Kwa nini usingoje? Kwa sababu ukuta wa ndani wa kizazi unapokaa muda mrefu bila kujisafisha kwa hedhi, unazidi kuwa mnene. Miaka ikipita, unaweza kuleta kansa. Tena mwenye tatizo hili yuko karibu zaidi na ugonjwa wa kisukari na shinikizo la damu. Kwa hiyo jambo hili si la mtoto tu. Ni la uhai wa mama mwenyewe.

Chakula na miguu

Sasa tufike kwenye dawa isiyouzwa. Lango lenye kutu hulainishwa na mambo mawili: chakula kinacholiwa kwa mpango, na mwili unaofanya kazi.

Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walitembea siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora yetu. Nani alibeba mizigo yao? Wanyamwezi. Pagazi alichukua kilo 30 hivi, akalala, akaamka, akachukua tena. Katika misafara ya siku zile walikuwamo na wanawake. Chakula cha huku kilikuwa mtama na uwele, kunde na njugumawe, mlenda na mboga za porini. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Leo hata kwenda sokoni tunapanda bodaboda, na mgeni akija tunampa soda.

Hatusemi soda ndiyo iliyoleta tatizo hili. Hata kati ya mabibi zetu walikuwapo wenye nalo, wakaitwa tasa bila kosa. Tunasema hivi: aliyezaliwa nalo, sukari nyingi na kukaa sana humzidishia.

Basi tufanyeje? Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, mlenda, kisamvu, majani ya mlonge. Robo iwe maharage, kunde, choroko, njugumawe, samaki au yai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali. Ugali wa dona, mtama au uwele ni bora kuliko sembe nyeupe, kwa sababu una makapi yanayochelewesha sukari kuingia katika damu.

Chai punguza sukari kidogo kidogo mpaka uzoee. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Maembe ya njia ya msafara ni matamu, kula moja, usimalize ndoo.

Na asali yetu je? Sisi Tabora twajivunia asali, na kweli ni nzuri. Lakini sehemu 8 hivi kati ya 10 za asali ni sukari. Mtu asikudanganye kwamba ukinywa kikombe cha asali asubuhi ovari zitapona. Ukiitumia, ihesabu kama sukari.

Upande wa mwili, lenga dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku 5, za kutembea haraka hadi pumzi ipande kidogo. Kulima, kutwanga na kuchota maji kwa miguu huhesabiwa. Anayelima kutwa nzima tayari amefanya. Lakini je, masika yakiisha? Na anayeshinda kwenye cherehani au kibandani? Huyo ajipangie safari ya miguu.

Kwa aliyenenepa, kupungua kidogo tu kunasaidia. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8, wengi huona siku zikianza kurudi. Mwembamba asijikondeshe. Yeye ale vizuri na atembee tu.

Mitishamba je?

Hatuidharau mitishamba. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha kuchunguza dawa za asili, na leo ni taasisi. Mwaka 2002 nchi ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na baraza linasajili waganga. Kwa hiyo muulize mganga: umesajiliwa?

Mdalasini, uwatu na chai ya mnanaa vimejaribiwa kwa wanawake wenye tatizo hili katika nchi mbalimbali. Majaribio yalikuwa madogo. Vingine vilionyesha dalili ya kusaidia, lakini hakuna kilichothibitika kuponya. Kutia mdalasini kidogo katika uji hakudhuru. Kunywa chungu kizima cha uwatu huku unatafuta mimba, au huku unameza vidonge vya sukari, ni hatari. Mizizi isiyopimwa inaweza kuumiza ini na figo.

Jambo moja tunalikataza bila kigugumizi: usiweke dawa yoyote ukeni ili "kusafisha kizazi". Inaunguza, inaleta maambukizo, na maambukizo yanaweza kuziba mirija. Hapo unakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Hospitali itafanya nini?

Watauliza maswali, watapima uzito, shinikizo, sukari na mimba. Huenda wakapima homoni na kupiga picha ya ovari. Vifaa vikikosekana kituoni kwenu, ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, pale Kitete.

Tatizo hili halina dawa ya kulimaliza kabisa, lakini linatulizwa. Kuna metifomini ya kusaidia insulini. Kuna vidonge vya majira vya kulinda kizazi kwa asiyetafuta mimba kwa sasa. Anayetafuta mimba hupewa dawa ya kukomaza yai, mfano letrozoli. Wanawake wengi wenye tatizo hili huzaa. Hata hivyo dawa hizi ni za kuandikiwa na daktari, si za kununua kwa jirani.

Sasa akina baba. Mtoto anatafutwa na watu wawili. Mara nyingi upungufu uko kwa mume, au kwa wote wawili. Kupima mbegu za mume ni jambo rahisi kuliko kumpima mke. Kwa nini basi mke achanjwe chale na waganga watatu, na mume asipimwe hata mara moja?

Yule mama wa darasa letu alirudi na mumewe. Mume akapimwa, akaonekana mzima. Tangu hapo wote wawili wanakula ugali wa mtama, na jioni mama anakwenda kwa dada yake kwa miguu. Ameshapungua kilo 5. Mwaka wa pili daftari lake lina tarehe 9. Mtoto bado. Daktari amewaanzishia dawa ya kukomaza yai. Mume ametuambia, "Ningejua, ningekuwa na baiskeli yangu hadi leo." Mkewe akacheka. Zamani mama yule alikuwa hacheki.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Tuseme mapema, kwa mtu anayestahili kuambiwa.

Maneno ya somo

Homoni: kemikali ndogo zinazotumwa na mwili kupitia damu ili kuamuru viungo vifanye kazi.
Insulini: homoni inayoifungulia sukari mlango iingie mwilini.
Ovari: vifuko viwili vya mayai ya mwanamke.
Tasa: jina analopachikwa mwanamke asiyezaa. Tusilitumie kabla ya kupima.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Mwanamke aliona damu tarehe 10 Juni, kisha tarehe 2 Agosti. Zimepita siku ngapi? Je, zimezidi 35?
2. Katika chakula cha kijijini kwetu, kipi kina sukari nyingi ambayo hatuihesabu?
3. Kwa nini uvimbe wa PCOS hautolewi kwa dawa ya kusafisha?
4. Akina baba: ni nini kinachotuzuia kwenda kupimwa pamoja na wake zetu?