Maabara ya vipimo: ijue namba kabla hujawasha mtambo

Waulize wanafunzi wa uhandisi mitambo ni somo gani la mteremko, wengi watakutajia maabara ya vipimo. Mnaingia kikundi, mnasoma namba, mnaandika ripoti, basi. Matokeo yakibandikwa, kuna watu wanakuta sapu hapo hapo walipojihesabia alama za bure. Mimi nililisoma somo hili Dar es Salaam, kisha nikakaa upande wa pili wa meza, nikisaidia vikundi na kusahihisha ripoti. Nina ushauri mmoja tu, na mengine yote ni matawi yake: usiwashe mtambo kabla hujajua ni namba gani unatarajia kuiona, na inaweza kupotoka kwa kiasi gani.

Chukua jaribio ambalo karibu kila maabara ya aina hii inalo. Bapa la alumini limebanwa kwenye jiliwa upande mmoja, upande wa pili unaning'iniza uzito. Juu yake, karibu na jiliwa, imebandikwa streini geji, yaani kipande cha foili nyembamba ambacho ukinzani wake wa umeme unapanda kikivutwa. Kazi yako ni kutafuta moduli ya Young ya alumini. Kila kitabu kinasema ni kama GPa 70, kwa hiyo wengi wanadhani kazi ni kuifikia 70 kwa namna yoyote ile. Sivyo. Kazi ni kuonyesha umefikaje na kwa uhakika gani.

Kaa na kalamu usiku wa kabla ya zamu yako. Tuseme bapa lina upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, na umbali kutoka geji hadi uzito ni milimita 200. Ning'iniza nusu kilo. Stresi pale juu inatoka kama MPa 26. Gawa kwa GPa 70 upate streini: sehemu 374 katika milioni. Geji ya omu 120 yenye kigezo cha 2 itabadilika kwa omu 0.09 tu. Hapo ndipo utaelewa kwa nini huwezi kuishika kwa multimita ya kawaida inayoishia omu 0.1, ni sawa na kumpima sisimizi kwa mizani ya magunia. Ndiyo maana tunatumia daraja la Wheatstone. (Daraja lenyewe alilibuni Samuel Hunter Christie mwaka 1833, Wheatstone alilitangaza miaka kumi baadaye, jina likamganda yeye.) Ukilipa daraja volti 5 na geji moja tu ndiyo inayofanya kazi, litakupa milivolti 0.93 hivi. Iandike namba hiyo kwenye daftari kabla ya kuingia.

Faida yake utaiona ndani ya dakika tano. Ukining'iniza uzito ukasoma milivolti 0.9, endelea. Ukisoma 9, kuna mtu ameacha kipaza ishara kwenye kuzidisha mara kumi. Ukisoma 0.45, angalia kama chanzo cha umeme hakiko kwenye volti 2.5. Kikundi ambacho hakikukokotoa kitaandika 0.45 kwa mwandiko mzuri, kitachora grafu iliyonyooka kabisa, na kitakuja kugundua bwenini kwamba alumini yao ina GPa 140 na kitu. Grafu iliyonyooka haithibitishi chochote zaidi ya kwamba kosa lako ni lile lile kila mara.

Sasa shaka ya kipimo, mahali ambapo alama nyingi zinapotelea. Katika fomula ya bapa, unene unaingia ukiwa na kipeo cha pili. Maana yake kosa la asilimia moja kwenye unene linakuwa asilimia mbili kwenye jibu. Pima milimita 3 kwa rula, ambayo kwa nia njema kabisa inakupa nusu milimita huku na huku: hiyo ni asilimia 17, na kwenye moduli inakuwa 33. Kwa kalipa ya vernia ya milimita 0.02 utapata kama asilimia 1.3. Kwa mikromita ya milimita 0.01, asilimia 0.7. Lakini urefu wa milimita 200 unaweza kuupima kwa rula hiyo hiyo, ukakosea milimita moja nzima, na umepoteza nusu asilimia tu. Nimeona vikundi vinagombania mikromita ili kupima upana, ambao hauna haja nayo, huku unene wameunakili kutoka kwenye karatasi ya maelekezo. Wala usidhani kurudia kipimo mara kumi na kutafuta wastani kutaiponya rula. Wastani unapunguza mtawanyiko wa namba, haugusi kosa la kifaa.

Kuzijumlisha shaka hizi si kazi ngumu. Kila moja iweke katika asilimia, izidishe kwa kipeo chake katika fomula, tafuta mraba wake, jumlisha zote, kisha toa kipeuo cha pili. Njia hii Kline na McClintock waliiandikia makala mwaka 1953 na bado ndiyo inayofundishwa. Kwa bapa letu, ukiwa na mikromita na geji ambayo mtengenezaji ameiandikia asilimia 1 kwenye kigezo chake, utaishia kama asilimia 1.3. Ripoti yako itasema GPa 70 kwa shaka ya 0.9, na mwisho wa hesabu unajua pia adui ni nani: geji, halafu unene. Mwanafunzi anayeniandikia GPa 69.8734 kwa sababu kikokotoo kimesema hivyo, mimi namkata alama bila huruma.

Jambo moja zaidi kuhusu geji, kwa sababu hapa kwetu lina uzito wake. Waya wa shaba ukinzani wake unapanda kama asilimia 0.4 kwa kila digrii ya joto. Kama waya zako zina omu moja na chumba kimepata joto la digrii 10 baada ya kiyoyozi kuzimika, ukinzani umepanda omu 0.04. Rudi juu uitazame ishara yetu: 0.09. Karibu nusu yake sasa ni habari za kiyoyozi. Omba geji iunganishwe kwa waya tatu badala ya mbili, na usome sifuri tena kila unapoondoa uzito.

Themokapo nitaipitia haraka. Aina ya K inatoa kama mikrovolti 41 kwa kila digrii, lakini inapima tofauti kati ya ncha mbili, si joto lenyewe. Ukiisoma kwa multimita ukasahau kuongeza joto la ncha ya baridi, chumba cha Dar kitakula digrii 30 za jibu lako. Halafu kuna ugezi kwa barafu na maji ya moto. Barafu iwe imesagwa na kuchanganywa na maji, si vipande viwili vinavyoelea kwenye kikombe. Na maji hayachemki kwa 100 kila mahali. Pwani ndiyo, lakini Mbeya au Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka kati ya digrii 94 na 95. Ukinakili ripoti ya rafiki yako wa Dar ukiwa Mbeya, utanaswa mchana kweupe.

Kwenye kompyuta, tatizo ni kasi ya kuchukua sampuli. Lile bapa letu likiwa halina uzito, ukiligonga kwa kidole, litatetema kama mara 62 kwa sekunde. Ukiweka programu ichukue sampuli 100 kwa sekunde, skrini itakuonyesha mtetemo safi, wa kupendeza, wa mara 38. Hautaonekana kama kosa hata kidogo, na hakuna hesabu ya baadaye itakayourudisha. Kasi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya mtetemo unaoutafuta. Mimi huweka 1,000 na kulala salama. Ukiona pia wimbi la 50 ambalo haliondoki hata bapa likiwa limetulia, huo ni umeme wa ukutani. Zisogeze waya mbali na chanzo cha umeme, na uzisokote pamoja.

Kuhusu kudesa, sitahubiri. Nitasema tu kwamba anayesahihisha anaona ripoti zote, na kosa la kusoma vernia likijitokeza katika vikundi vitatu vya miaka miwili tofauti, hahitaji mpelelezi. Andika kwa kalamu ya wino palepale maabara, na namba iliyoharibika ikate kwa mstari mmoja ili isomeke bado. Andika namba ya kifaa na tarehe ya ugezi iliyo kwenye stika yake. Na fundi sanifu wa maabara msalimie kwa heshima: anajua geji ipi imelegea na chaneli ipi ya kifaa cha kurekodi inadanganya, mambo ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote ya maelekezo.

Kama zamu yako ni wiki ijayo, nenda leo uombe vipimo vya bapa na namba ya kigezo cha geji, ukokotoe milivolti zako ukiwa bado bwenini.