Wazazi Wanapotengana: Je, ni Dhambi Kwenda Kortini kwa Ajili ya Watoto?



Somo letu safari hii si tamu, na huenda wapo watakaouliza kwa nini ukurasa wa ndoa uzungumzie kuachana. Tunazungumzia kwa sababu kupo. Kupo Chwele na Kabuchai yote, kupo Bungoma mjini na Kitale, na kupo ndani ya jumuiya zetu ndogo ndogo, kati ya watu waliofunga ndoa mbele ya altare. Tukinyamaza, anayeumia zaidi ni mtoto ambaye hakuulizwa neno.

Swali ambalo katekista huulizwa mara nyingi ni hili: "Mwalimu, baba watoto ameondoka, hatumi hata pesa ya chumvi. Watu wananiambia niende kortini. Lakini mimi ni Mkatoliki, sitaki talaka. Nikienda, si nitazuiwa Komunyo?" Akina baba nao wana lao: "Mke wangu alirudi kwao na watoto. Nikienda kuwaona nafukuzwa. Je, nina haki gani?" Hebu tuyajibu maswali haya mawili polepole, maana yamewafunga wengi.

Kanisa linafundisha nini

Ndoa halali ya watu wawili waliobatizwa, iliyokwisha kukamilishwa, haivunjwi na mwanadamu yeyote. Ni kifo tu. Hakimu hawezi, chifu hawezi, wazee wa ukoo hawawezi. Hilo tulifundishwa sote kabla ya kuoana. Ila wengi wetu tuliishia hapo, hatukusoma kurasa zinazofuata.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1151 hadi 1155, inaeleza jinsi wanandoa wanavyoweza kutengana huku kifungo cha ndoa kikibaki. Kanuni ya 1153 inakubali kwamba mwenzi anayehatarisha sana roho au mwili wa mwenzake au wa watoto anampa mwenzake sababu ya haki ya kuondoka. Kwa kawaida Askofu ndiye hutoa ruhusa, lakini kama kukawia ni hatari, mtu anaondoka kwanza. Mama anayetishwa kwa panga usiku hangoji barua kutoka jimboni. Sababu ikiisha, wanapaswa kurudiana. Halafu inafuata kanuni ya 1154, ambayo ningependa kila mwanandoa aijue: wakitengana, riziki na malezi ya watoto lazima yapangwe ipasavyo, siku zote. Kwa hiyo mzazi aliyeondoka na kuwaacha watoto bila chakula hajavunja sheria ya serikali peke yake.

Na talaka ya serikali je? Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, namba 2383, inasema kwamba kama talaka hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani za kisheria, matunzo ya watoto au urithi, inaweza kuvumiliwa, nayo si kosa la kimaadili. Mbele ya Kanisa, karatasi hiyo ni ya serikali tu, sakramenti ingalipo. Aliyeachwa, akakaa bila kuoa au kuolewa tena, hazuiwi Komunyo kwa sababu ya karatasi hiyo. Papa Fransisko aliliandika jambo hili wazi katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, akataka watu hao watiwe moyo kupokea Ekaristi, na humo humo akawasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto kuwa mateka wa ugomvi wao. Inasikitisha kwamba hata leo wako akina mama wanaokaa benchi la nyuma kanisani miaka na miaka kwa kuogopa jambo ambalo Kanisa halikusema.

Wengine huogopa mahakama ya Kanisa, ile inayochunguza kama ndoa ilikuwa batili toka mwanzo. Wanadhani ikisemwa batili watoto watakuwa haramu. Sivyo. Kanuni ya 1137 inawalinda watoto waliozaliwa katika ndoa halali au iliyodhaniwa halali. Wao ni halali na hubaki halali. Jueni pia kwamba hukumu ya mahakama ya Kanisa haigusi cheti cha serikali, na hukumu ya serikali haigusi sakramenti. Hizi ni njia mbili, kila moja na mlango wake.

Kesi ya matunzo si kesi ya talaka

Jambo hili halijulikani vya kutosha, kwa hiyo nitalikazia. Mzazi anaweza kudai matunzo ya mtoto bila kuomba talaka. Ndoa haiguswi. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imefafanua wajibu huo. Kwa hiyo yule mama wa kwanza aliyetuuliza anaweza kwenda kesho asubuhi, na Jumapili akapokea Komunyo kama kawaida.

Aanzie wapi? Aanzie kwa Afisa wa Watoto wa kaunti ndogo. Afisa humwita mzazi mwingine, huwasikiliza wote wawili, na mara nyingine mambo huishia hapo kwa makubaliano ya maandishi yanayoweza kupelekwa kortini yakapata nguvu ya amri. Makubaliano ya kwa chifu si mabaya, yamesaidia wengi, lakini chifu hana uwezo wa kutoa amri ya ulezi au matunzo. Baba akiacha kuyafuata baada ya miezi miwili, karatasi ile haimfanyi kitu. Amri ya korti ni jambo jingine: asiyeitii anaweza kukatwa mshahara, kukamatiwa mali, hata kufungwa. Na ukipata amri Bungoma au Kimilili, mwenzako hakimbii kwa kuhamia shamba la Endebess au Kwanza. Amri ni ya Kenya nzima.

Nenda na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa kama kipo, karatasi ya karo kutoka shuleni, risiti za hospitali, na chochote kinachoonyesha kipato cha mwenzako: karatasi ya mshahara, stakabadhi za miwa au mahindi, picha ya nyumba za kupangisha. Andika hesabu ya kweli. Wako wanaoandika gharama za mtoto mmoja kama za bweni zima, na hakimu huona mara moja. Mara nyingi korti hugawa mzigo, mmoja alipe karo na matibabu, mwingine chakula na mavazi, kulingana na uwezo wa kila mmoja. Mama mwenye kazi naye hutakiwa kuchangia. Matunzo hufika miaka 18, na korti inaweza kuyaendeleza kwa mtoto aliye bado masomoni au mwenye ulemavu. Hali ikibadilika, mzazi akipoteza kazi kwa mfano, arudi kortini aombe amri irekebishwe, asinyamaze tu.

Usipokuwa na uwezo wa wakili, unaweza kujisimamia mwenyewe. Lipo pia shirika la mawakili wanawake, FIDA Kenya, lililoanzishwa mwaka 1985, na iko huduma ya serikali ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2016.

Mtoto akae na nani?

Sasa tumjibu yule baba. Korti hutazama kwanza masilahi ya mtoto, kisha ndiyo hutazama mengine. Kwa miaka mingi mahakama zetu zimeelekea kumwacha mtoto mdogo kwa mama, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Lakini hiyo haimfanyi baba kuwa mgeni. Kukaa na mtoto ni jambo moja, na kuamua juu ya shule yake, dini yake na matibabu yake ni jambo jingine. Hili la pili mara nyingi wazazi hupewa pamoja. Mzazi asiyekaa na mtoto hupangiwa siku za kumwona, mwisho wa juma au nusu ya likizo. Mtoto mwenye umri wa kuelewa husikilizwa.

Na hapa niseme bila kupinda. Baba anayesema "sitatoa karo mpaka nione watoto" anakosea, na mama anayesema "hutawaona mpaka utoe karo" anakosea. Karo na kuonana ni mambo mawili tofauti, na yote mawili ni haki ya mtoto.

Kwetu Bukusu yako maneno mengine: "Nilitoa ng'ombe, watoto ni wangu." Au wazazi wa mke wanasema: "Ng'ombe hawakuisha, watoto watabaki hapa." Mahari ni heshima kati ya koo mbili, hatuidharau. Lakini hakimu haangalii ng'ombe ili ajue mtoto alale wapi. Mila anaweza kuizingatia, pamoja na mambo mengine mengi, ila mila haiwezi kushinda masilahi ya mtoto.

Tena mila yenyewe, tukiisoma vizuri, haitaki mtoto akatwe upande mmoja. Fikirini Agosti ya mwaka wa tohara, kama 2024 au 2026. Kijana hutahiriwa nyumbani kwa baba yake, kati ya watu wa ukoo wake. Lakini kabla ya siku hiyo anakwenda kwa mjomba, ndugu ya mama yake, naye humchinjia na kumvisha nyama shingoni. Mama aliyemficha mtoto asijue kwao baba amemwacha kijana bila pa kusimama siku hiyo. Baba aliyewatukana wakwe mpaka mlango ukafungwa amemtuma mtoto wake kwa mjomba asiyempokea. Wazee waliotupangia hayo hawakusoma sheria yoyote ya watoto, lakini walijua mtoto ana pande mbili.

Kuna watoto pia ambao wazazi wote wawili wamewakimbia, wakaachwa kwa kukhu na shilingi mia tano kwa muhula. Bibi huyo asidhani hana la kufanya. Anaweza kwenda kwa Afisa wa Watoto akadai wazazi watoe matunzo, na anaweza kuomba ulezi. Na kama baba ana watoto wengine kwa mwanamke mwingine, Kanisa haliwezi kuibariki ndoa hiyo, nayo serikali huihesabu ndoa ya Kikristo kuwa ya mke mmoja. Lakini watoto wale nao lazima wale. Tusiwalipize wao dhambi ya mkubwa.

Shamba je?

Nitapita haraka hapa, maana shamba linahitaji somo lake. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani iliamua, katika kesi ya Echaria, kwamba mke hawezi kupata sehemu ya mali kwa kazi ya nyumbani tu bila kuonyesha mchango wa pesa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikabadilisha hilo: kupika, kulea watoto, kulima na kusimamia biashara ya nyumbani ni mchango. Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Ogentoto, ikaeleza kwamba hata hivyo mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja; kila mmoja hupata kulingana na mchango anaouthibitisha. Mgawanyo wenyewe huja ndoa ikivunjwa kisheria. Shamba alilorithi mume kwa baba yake kwa kawaida si mali ya ndoa, ingawa mke aliyeliendeleza ana haki juu ya uendelezaji wake. Na mkiwa bado katika ndoa, mmoja hawezi kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Akina mama, msitie kidole gumba kwenye karatasi msiyosomewa.

Kabla ya kufika huko

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yenyewe inawapa waliooana Kikristo nafasi ya kutafuta upatanisho katika kanisa lao. Tuitumie mapema, wakati ugomvi ungali juu ya pesa ya mahindi, kabla haujafika kwenye panga. Paroko na wasimamizi wenu wa ndoa wapo kwa ajili hiyo. Ila wanajumuiya, mkiitwa kupatanisha nyumba yenye kipigo, msimrudishe mama usiku huo huo kwa sala na wimbo. Tangu mwaka 2015 tuna sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na korti inaweza kumkataza mwenye kupiga asikaribie. Upatanisho utafuata watu wakiwa salama.

Ya kuzungumza nyumbani

Baada ya chakula, watoto wakiisha kulala, mwulizane: Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wetu viko wapi, na je, sote wawili tunajua vilipo? Katika jumuiya yetu yupo mzazi aliyeachwa ambaye tumemfanya aone haya kuja kwenye sala? Na yule mtoto wa jirani anayerudishwa kila muhula kwa ajili ya karo, nani kati yetu atamsindikiza mama yake kwa Afisa wa Watoto, na siku gani?