Kompyuta Kuukuu Yaweza Kuhudumia Runinga ya Nyumbani

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizonunuliwa kabla ya mwaka 2018 haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa mfumo huo unadai prosesa mpya zaidi pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine za aina hiyo huishia juu ya kabati, chini ya kitanda au jalalani. Uzoaji wa taka ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba ya mwaka 2010, na kompyuta iliyotupwa ni taka ngumu kushughulikia kwa sababu ya madini ya risasi na kemikali zilizomo ndani ya bodi na betri zake.

Hata hivyo, mashine inayokokota miguu ikiwa na Windows huenda bado ina nguvu za kutosha kuonyesha video. Ikiunganishwa na runinga kwa kebo ya HDMI na kupewa mfumo mwepesi, familia yaweza kutazama humo picha za harusi, video za mazishi na matanga, mahubiri, masomo ya watoto na filamu walizonunua, bila kununua kifaa kingine.

Mfumo wa kazi moja

Mmoja wa mifumo inayofaa kazi hii ni LibreELEC. Ulianzishwa mwaka 2016 na watu waliokuwa wakishughulikia mradi wa awali uitwao OpenELEC. Umejengwa juu ya Linux, haulipiwi, na kazi yake ni moja tu: kuwasha programu ya Kodi. Kodi yenyewe ilianza kama programu ya kuchezea muziki na filamu kwenye mashine ya michezo ya Xbox, ikapewa jina lake la sasa mwaka 2014. Kompyuta ikiwashwa, Kodi hujitokeza moja kwa moja kwenye skrini, na kila kitu huonekana kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka kwenye kochi.

Wepesi huo una gharama yake, na ni heri ijulikane mapema. LibreELEC haina programu ya kuandikia barua wala kivinjari cha intaneti. Nyumba yenye kompyuta moja tu, ambayo mwanafunzi huitumia kwa kazi za shule au mzazi huitumia kuingia kwenye eCitizen, haifai kuigeuza mashine hiyo kuwa ya runinga. Mfumo huu ni wa kompyuta ya ziada.

Mashine inayofaa ni yenye prosesa ya biti 64 kutoka Intel au AMD na RAM ya gigabaiti 2 au zaidi. Tatizo hutokea kwa video zilizobanwa kwa mtindo wa HEVC, unaotumiwa na simu nyingi mpya kurekodi. Prosesa za Intel za kabla ya mwaka 2015 hazina sehemu maalumu ya kufungua video hizo, kwa hiyo picha hukatakata na feni huvuma. Dawa rahisi ni kubadilisha mpangilio wa kamera ya simu ili irekodi kwa mtindo wa zamani wa H.264.

Kabla ya kugusa diski

Hapa ndipo familia hupata hasara, na hasara yenyewe hairekebishiki kwa urahisi. Kusakinisha LibreELEC ndani ya kompyuta hufuta diski yote. Haufutiki mfumo wa Windows peke yake. Picha, barua na hati zote huondoka pamoja nao.

Kompyuta iliyokaa miaka kumi nyumbani huwa imebeba vitu ambavyo mwenyewe amevisahau: picha za nyanya aliyekwisha fariki, vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, nakala ya hati ya shamba, cheti cha PIN ya KRA, vitabu vya hesabu vya chama. Vitu hivyo mara nyingi havikai mahali pamoja. Vingine viko kwenye skrini ya mbele, vingine katika folda ya vipakuliwa, na vingine chini ya jina la mtumiaji mwingine, pengine mtoto aliyekwisha kuhama. Ndiyo maana yafaa kila mtu aliyewahi kuitumia mashine hiyo aulizwe kabla ya kazi kuanza.

Kunakili peke yake hakutoshi. Nakala zikishahamishiwa kwenye diski ya nje, diski hiyo ipelekwe kwenye kompyuta nyingine, na baadhi ya picha na hati zifunguliwe kweli. Jina la faili kuonekana kwenye orodha si ushahidi kwamba faili ni zima. Kama diski ya zamani inatoa sauti ya kugongagonga, vile visivyoweza kupatikana tena vinakiliwe kwanza, filamu zingoje. Na kwa hati muhimu, nakala mbili zilizo mahali pawili tofauti ni bora kuliko moja.

Jambo moja huwakwamisha wengi wakati wa kunakili. Flashi iliyoandaliwa kwa mtindo wa FAT32 haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata kama nafasi ipo tele. Video ndefu ya harusi hukataliwa na mwenyewe hudhani flashi imeharibika. Flashi au diski ikiandaliwa kwa mtindo wa exFAT, tatizo hilo huisha, na LibreELEC huusoma mtindo huo bila shida. Kuandaa upya pia hufuta yaliyomo, kwa hiyo flashi iwe tupu.

Kuujaribu kwenye flashi kwanza

Habari njema ni kwamba si lazima diski ya kompyuta iguswe siku ya kwanza. LibreELEC yaweza kuishi kwenye flashi, na flashi ya gigabaiti 8 yatosha kuanzia.

Kazi huanzia kwenye kompyuta nyingine yenye intaneti. Tovuti rasmi ya LibreELEC hutoa programu ndogo ya kuandikia flashi, ambayo hupakua mfumo na kuuandika yenyewe. Kwa kompyuta za kawaida, toleo linalochaguliwa huitwa Generic. Kilichokuwemo kwenye flashi kitafutika, na programu hiyo haijui tofauti kati ya flashi tupu na ile yenye picha za familia. Anayechagua ndiye anayepaswa kujua.

Kisha flashi huchomekwa kwenye kompyuta kuukuu na mashine kuwashwa huku kitufe cha kuchagua diski ya kuanzia kikibonyezwa. Kwenye kompyuta nyingi za Dell na Lenovo kitufe hicho ni F12. Kwenye HP ni F9. Mashine ikikataa flashi, kinga iitwayo Secure Boot huzimwa kwenye mipangilio ya BIOS. Menyu ikijitokeza huwa na machaguo ya Installer, Live na Run. Linalofaa kwa jaribio ni Run, ambalo huhifadhi mipangilio yote kwenye flashi na kuiacha diski ya ndani ilivyo. Flashi ikichomolewa, Windows hurudi kama kawaida.

Mara ya kwanza mfumo huuliza lugha, jina la kompyuta na mtandao wa Wi-Fi. Huuliza pia kuhusu huduma iitwayo SSH, ambayo humwezesha mtu kuiendesha mashine kutoka kompyuta nyingine. Nyumba isiyoihitaji iiache imezimwa, kwani nywila ya kuanzia nayo inajulikana na kila mtu.

Sauti isiposikika, mara nyingi kosa si la runinga. Kodi huwa inapeleka sauti kwenye tundu la spika za kompyuta, na katika mipangilio ya mfumo, upande wa sauti, huchaguliwa HDMI. Saa na tarehe zikiwa za miaka ya nyuma kila mashine inapowashwa, betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye bodi imekwisha. Betri hiyo hupatikana katika maduka mengi ya saa.

Kompyuta nyingi haziitikii rimoti ya runinga. Simu ya Android yenye programu ya Kore hufanya kazi hiyo, mradi simu na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja na Kodi iruhusiwe kuongozwa kwa mtandao katika mipangilio ya huduma. Haihitaji bando, kwa sababu amri hazitoki nje ya nyumba.

Kuna suala la sheria pia. Kodi hutoka kwa watengenezaji ikiwa tupu, bila filamu wala mechi. Anayeuza mashine iliyojazwa programu za kuonyesha mechi za kulipia bila malipo anauza kitu kingine, na kazi hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Programu za nyongeza zisizojulikana chanzo huweza pia kuleta madhara kwenye mtandao wa nyumbani.

Stima nayo ihesabiwe. Mashine inayovuta wati 60 ikiwashwa saa 4 kila siku hutumia takriban uniti 7 za tokeni kwa mwezi. Izimwe kupitia menyu ya Kodi badala ya kuchomolewa ukutani, hasa diski ya nje inapokuwa imeunganishwa, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuandika faili laweza kuharibika.

Wiki chache za kutumia flashi huonyesha kama familia inaupenda mfumo huu na kama mashine inaumudu. Ikiwa ndivyo, chaguo la Installer huuhamishia kwenye diski ya ndani, ambako mashine huwaka kwa kasi zaidi. Siku hiyo diski ya nje yenye nakala za familia ichomolewe kabisa na kuwekwa chumba kingine. Installer huonyesha orodha ya diski zote zilizounganishwa, kila moja kwa jina la kiwanda na ukubwa wake, na diski mbili za ukubwa mmoja hufanana sana kwenye skrini. Ikibaki moja tu kwenye orodha, ndipo jibu la kukubali litolewe.