Kuchora Hesabu ya Malaria kwa Picha

Hesabu iliyoandikwa kwa tarakimu tupu husomwa na mwalimu na mganga, kisha hufungiwa kabatini. Iliyochorwa, hata mama asiyejua kusoma huifahamu apitapo mlangoni pa zahanati. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Kilwa na Lindi namna ya kuichora.

Na tutwae mfano wa kwetu. Katika uchunguzi wa malaria wa mwaka 2011–12, watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa damu. Katika Mkoa wa Lindi, kwa kila watoto mia, 26 walionekana wana vijidudu vya malaria. Katika uchunguzi wa mwaka 2017 walionekana 12.

Twaeni karatasi kubwa, mpige mistari miwili ya kulala. Kateni umbo la mtoto katika karatasi ngumu, mlifuatishe kwa kalamu, ili picha zote ziwe sawasawa. Picha moja iwe badala ya watoto wawili, na jambo hilo liandikwe chini, kwani pasipo maandishi hayo picha ni pambo tu. Mstari wa kwanza utakuwa na picha 13, wa pili 6. Mkipenda kuonyesha Tanzania nzima mwaka 2017, ambako walionekana 7 katika mia, choreni picha tatu na nusu.

Wako wanaopenda kuchora mtoto mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Sisi hatukubali. Mtoto aliyeongezwa urefu mara mbili huongezeka na upana vilevile, basi hujaza karatasi mara nne, na jicho hudanganyika. Otto Neurath wa Vienna, aliyeieneza kazi hii tangu miaka ya 1920, alishika kanuni hiyo hiyo: wingi huonyeshwa kwa kuongeza picha, si kwa kuzikuza.

Tena uchunguzi wa kwanza ulifanywa tangu Desemba hata Mei, yaani wakati wa mvua. Wa pili Oktoba hata Desemba, mvua kubwa hazijafika. Mbu wa majira hayo mawili si sawa. Basi miezi iandikwe kando ya kila mstari, watu wasidhani kuwa upungufu wote umeletwa na vyandarua.

Kadhalika mia hiyo ni ya mkoa mzima. Haifai kuandika juu yake "Kilwa Masoko" wala "Mchinga". Wanaotaka picha ya kijiji chao watazame daftari la zahanati, lakini waichore katika karatasi ya pili, maana daftari huhesabu waliokuja kupimwa, na waliolala nyumbani na homa zao hawamo.