Matamshi ya Majina ya Nchi za Kubuniwa: Mfano wa Tolkien

Katika michezo ya kuigiza wahusika, mwanafunzi hukutana na jina Cirith Ungol, akalianza kwa «s» kama Kifaransa kinavyomzoesha. Je, jina la kubuniwa laweza kutamkwa vibaya? Ndiyo, kwa sababu mbunifu wake aliliwekea kanuni. Tolkien, profesa wa Oxford, alizichapisha mwaka 1955 katika nyongeza za *The Lord of the Rings*.

Kwanza, konsonanti. C ni k daima: Kirith. Th ya Minas Tirith ni ile ya «thamani». Dh ya Caradhras ni ile ya «dhahabu». Hapa Kiswahili sanifu chatusaidia, kwani Kifaransa hakina sauti hizo.

Pili, mkazo. Katika neno refu, silabi ya pili kutoka mwisho hukazwa ikiwa na irabu ndefu, diftongi, au irabu inayofuatwa na konsonanti mbili. La sivyo, mkazo hurudi nyuma silabi moja: NÚ-me-nor. Hapa Kiswahili chatupotosha kuelekea nu-ME-nor, na Kifaransa kuelekea nu-me-NOR.

Basi tusimcheke anayekosea: kosa lake latuonyesha lugha aliyoizoea. Tumwonyeshe kanuni.